Sindano Zinazoogelea

Lulimba, 11 Oktoba 1998

Mama Ketsia,

Kabla hujaniuliza: ndiyo, ni mimi niliyechukua sindano zako. Zote nane, zile zenye tundu la rangi ya dhahabu ulizopewa na masista. Nilizitia ndani ya daftari la fizikia asubuhi ile shule ilipofungwa, mimi nikashika njia ya machimbo. Unanijua. Nikikosa kitu cha kuwaonyesha watu, mikono inaniwasha.

Niko mzima, na kazi nimepata. Mchanga ukishaoshwa, katika beseni hubaki dhahabu iliyochanganyika na mchanga mweusi. Ule mweusi ni chuma. Mimi nina sumaku niliyoitoa katika spika iliyokufa. Naifunga kitambaa, naipitisha juu ya beseni, chuma kinarukia kitambaa na dhahabu inabaki chini. Wachimbaji wananiita Mwalimu Sumaku, nami sikatai.

Machimbo haya ni ya Komanda Raphaël. Labda utamkumbuka, alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli soko la Fizi, bei zake za kukamua jiwe. Leo anavaa majani kichwani na ana vijana karibu mia mbili. Ni Mayi-Mayi, yaani Maji-Maji: wanaoshwa kwa maji ya dawa, wanaambiwa risasi ikiwafikia itageuka maji. Mzee aliyekuwa akiwaosha alikufa mwezi uliopita. Alikufa kwa risasi, jambo ambalo hapa halizungumzwi.

Nikuambie na hili, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Jumanne mchimbaji mmoja alisingiziwa kumeza punje ya dhahabu. Walimfunga mtini, wakampiga kwa waya za baiskeli hadi mgongo ukawa nyama tupu, kisha wakampasua tumbo huku bado akimwita mama yake. Punje haikuonekana. Nilikuwa umbali wa kutoka mlango wetu hadi jiko letu. Niliendelea kusafisha beseni langu, sikuinua kichwa.

Kesho yake nilishindwa kazi. Ili nitulie, nikafanya lile somo langu la sumaku ninalofundisha mwaka wa tatu. Nilivunja sindano zako mbili (nisamehe), nikapaka vipande mafuta ya mawese kidogo ili vielee, nikazungusha sumaku chini ya beseni. Vikaamka, vikazunguka, vikaanza kufuatana. Nikageuka, nikamkuta Raphaël nyuma yangu. Ametoa macho.

Akasema, “Mwalimu, mayi hii iko na roho.”

Nilimweleza yote: sumaku, chuma, mafuta. Hakusikia hata neno moja, yule muuza minyororo. Akaagiza nipewe paja zima la mbuzi. Nimelila peke yangu nikicheka na kulia.

Mbusu Ketsia. Mwambie Dany asome, hata kama shule imefungwa.

Wako,
Fabien


Baraka, 1 Novemba 1998

Baba Ketsia, mwizi wangu,

Barua yako imeletwa na Mama Georgette mchuuzi, chini ya ndagala, wale dagaa wake, inanuka kama mtungi wa mvuvi. Umekula paja la mbuzi. Sisi tumekula moshi.

Ijumaa askari wenye buti waliingia tena. Walisema tunawalisha Mayi-Mayi. Walianza na nyumba za kando ya ziwa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepalilia. Jirani yetu Anastasie alijificha na watoto wake wawili chini ya kitanda, akidhani watapita. Walifunga mlango kwa nje, ndipo wakawasha nyasi za paa. Tulisikia kila kitu, Fabien. Baadaye Dany ndiye aliyeingia kuwatoa. Alimtoa mdogo mikononi, na kipande kikabaki kwenye mkeka. Tangu siku hiyo hali, hanywi, anapiga ukuta kwa ngumi mpaka vidole vimevimba.

Cherehani imekwenda. Askari wawili waliigombea, mmoja akampiga mwenzake risasi ya mguu, aliyebaki na miguu miwili akaichukua. Kwa hiyo sindano zangu nane ndizo zingekuwa kazi yangu yote sasa. Nashona kwa mkono, kwa sindano ya kuazima, nguo za kuzikia.

Sikia nikuambie neno moja, nawe usilifanyie mzaha. Acha mchezo huo wa beseni. Umemwambia Raphaël ukweli mara moja hakusikia. Mwambie mara ya pili, kisha ufunge sindano ndani ya daftari. Watu waliopasua tumbo la mtu kwa punje, ukiwaonyesha maji yenye roho, watakuja kudai hiyo roho.

Na umwombee Dany. Wewe unamwona shemeji na mwanafunzi wako. Mimi nilimbeba mgongoni siku tuliyomzika mama, nikiwa na miaka kumi na miwili, na sijamshusha bado. Katika tumbo la mama yangu nimebakiwa na yeye tu.

Mke wako,
Adolphine


Lulimba, 22 Novemba 1998

Mama Ketsia,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nikiwa nimesimama. Maskini Anastasie. Alikuwa akinikopesha chumvi na kunikumbusha kila Jumapili.

Juu ya sindano, usiwe na wasiwasi. Nimeacha. Ziko ndani ya daftari. Sasa naandika orodha katika bureau, ile ofisi ya komanda: nani ameingia, nani ametoka, magunia mangapi ya mihogo. Ni kazi ya kiti, na kwenye kiti hapigwi mtu.

Habari za huku ni damu, kama za huko. Juma lililopita vijana kumi na mmoja walishuka kuvizia lori la askari. Walikwenda kumi na mmoja wakarudi kumi na mmoja, na vichwa viwili vimechomekwa juu ya miti. Ukweli ni kwamba wale askari walikuwa wamelewa na wamelala. Lakini hapa hakuna anayetaka kusikia habari ya ulevi wa adui. Wanasema ni maji mapya. Tangu hapo vijana wanatoka Fizi, Kazimia, hata milimani, kuja kuoshwa.

Siku hiyohiyo, kwa furaha ya ushindi, walimkamata Kamanzi. Unamkumbuka, alikuwa akishuka na maziwa kutoka kwao juu, akatuuzia hata siku tulizokuwa hatuna kitu. Alikuja kutafuta ng’ombe wake walioibwa. Walisema mtu wa lugha ile ya kwao juu hatafuti ng’ombe, anapeleleza. Aliniona mlangoni mwa bureau akaniita kwa jina, “Mwalimu Fabien, nisemee.” Walimkata kwa panga kabla sijajua nitasema nini. Hivyo ndivyo ninavyojieleza usiku: kabla sijajua.

Nimekuwa nikifikiri sana juu ya lile somo. Watu hudhani ajabu ni sumaku. Sumaku si kitu. Ajabu ni maji. Kila kipande cha sindano kikizunguka kinayakoroga maji yaliyo kando yake, na maji hayo yanakwenda kumsukuma jirani. Ukizungusha polepole, vipande vinagandamana. Ukizungusha kwa nguvu, vinaachana na kupangana duara, kila kimoja kikimfukuza mwenzake na kufukuzwa naye, na havigusani hata kidogo. Weka unyasi mkavu katikati, kitu ambacho sumaku haina habari nacho. Nao unakwenda. Ukiiuliza sindano, itaapa kwamba haikugusa unyasi, na kiapo chake kitakuwa cha kweli.

Mwambie Dany abaki na wewe. Mpelekeni ng’ambo, Kigoma, kama kuna mtumbwi.

Wako,
Fabien


Kazimia, 20 Desemba 1998

Baba Ketsia,

Tuko Kazimia. Baraka si mahali tena. Tulitembea siku tatu na Ketsia mgongoni, na njia yote tulikuwa tukiruka watu. Mwanzoni nilimfunika macho mtoto. Siku ya pili nilichoka mkono, nikamwacha aone. Alihesabu hadi ishirini na tisa, kisha akaniuliza baada ya ishirini na tisa ni ngapi.

Nilikuwa nimepata nafasi tatu katika mtumbwi wa Kigoma. Asubuhi ya kupanda, Dany hakuwepo. Aliacha viatu vyake, ili niviuze, na neno kwa Mama Georgette: amekwenda Lulimba kuoshwa.

Sasa nisikilize. Kuanzia Kazimia hadi Fizi habari ni moja. Wanasema Lulimba kuna Daktari wa Maji Hai. Anaweka beseni mezani, juu ya kitambaa chekundu, na ndani ya maji mna vitu vidogo vinavyong’aa vinavyoamka vyenyewe na kuogelea. Ukiviona vimeamka, maji yamekukubali. Anakumwagia kichwani, risasi hazikuwezi. Mama mmoja hapa ametoa wana watatu. Anajisifu.

Wewe uliniambia umeacha. Nakuuliza taratibu, kama mtu anayebisha mlango ambao chini yake anaona mwanga: huko kuna mwalimu mwingine mwenye sindano?

Usinijibu. Nimekuamini. Nisipokuamini wewe nitabaki kumwamini nani, wenye buti? Basi kama ni mwingine aliyejifunza kwako, wewe ndiwe mtu pekee wa nchi hii anayeweza kumwambia Dany kwamba maji ni maji. Alikaa darasani kwako miaka minne. Ukimwambia jua ni kijani atakwenda kulitazama mara mbili. Mwambie kabla hajaoshwa. Una mdomo mmoja, utumie mara moja tu, kwa ajili yangu. Sitakuomba kitu kingine tena maishani.

Mtumbwi umekwenda bila sisi. Namngoja.

Adolphine


Lulimba, 9 Januari 1999

Mama Ketsia,

Haraka haraka, Mama Georgette anafunga mzigo.

Dany amefika, mzima, miguu imepasuka. Nimesema naye. Usiogope. Nimeongea na komanda apewe kazi ya jikoni, ya kuteka maji na kuchanja kuni. Hatakwenda mbele. Anacheka, anakula vizuri.

Ukipata mtumbwi, nenda na Ketsia. Dany nitamleta mwenyewe.

Fabien


Kazimia, 24 Januari 1999

Baba Ketsia wangu,

Mungu akubariki, na akubariki tena. Niliposoma neno “jikoni” nilikaa chini mchangani nikacheka mpaka wavuvi wakadhani nimerukwa na akili. Dany kuchanja kuni! Huyo hata kumenya muhogo nilikuwa nikimfukuza nao. Usiku ule nililala. Tangu Baraka nilikuwa sijalala, nilikuwa nazimia tu.

Nisamehe kwa ule mlango niliobisha. Nilikudhania vibaya, nikakuficha ubaya huo katika maneno mazuri. Mke aliyeishi nawe miaka tisa hakupaswa.

Namtumia Dany shati. Nimelishona kwa mkono kutoka pazia la kanisa walilotugawia wakimbizi, ndiyo maana lina maua. Mwambie avae bila kulalamika. Kwako kuna ndagala na kipande cha sabuni. Kwa Raphaël sina kitu, lakini msalimie, kwa kuwa amemweka ndugu yangu jikoni.

Wako kweli,
Adolphine


Lulimba, 21 Februari 1999

Adolphine,

Dany amekufa. Nimeliandika kwanza ili nisije nikazunguka.

Amekufa tarehe kumi na sita, darajani, kwa risasi. Hakuwa jikoni hata siku moja. Sikusema naye hata neno moja. Daktari wa Maji Hai ni mimi. Hapakuwa na mwingine, hapajawahi kuwa.

Nilikuambia Raphaël hakusikia nilipomweleza habari ya sumaku. Alisikia kila neno. Siku tatu baada ya barua yangu ya kwanza alikuja na pedali na mnyororo wa baiskeli, akaniambia nifunge sumaku chini ya meza, niizungushe kwa mguu. Kitambaa chekundu alileta yeye. Bastola yake aliiweka mezani kando ya beseni, akasema, “We iko mwalimu. Fundisha.” Kila siku nilifundisha. Kijana anainama, anaona sindano zako zimeamka, unyasi unazifuata, uso wake unabadilika, anapiga magoti, namwaga maji. Nimeosha watu zaidi ya mia tatu. Mwanzoni nilijiambia ni kwa ajili ya roho yangu. Baadaye nikajiambia kwamba wangekwenda vitani hata bila mimi. Mwisho sikujiambia kitu, nilikula nyama.

Dany alikuja tarehe sita Januari, wa tano mstarini. Alinitazama, akatazama beseni, akapiga magoti. Raphaël alikuwa nyuma ya kiti changu. Nilimmwagia maji, mengine yakateremka mabegani mwake. Nilidhani amesahau somo. Siku arobaini zilizofuata nilimkwepa. Akija upande wa bureau mimi naingia chooni. Mimi, mtu mzima, nimejificha chooni kwa sababu ya mtoto uliyembeba mgongoni.

Walikwenda arobaini na wawili. Mimi nilitembea nyuma na bidoni, lile dumu la maji, ndiyo desturi ya daktari. Askari walikuwa na bunduki kubwa juu ya mawe. Iliposema, mstari wa mbele ulikatika viunoni. Nilimwona mmoja akijaribu kurudisha matumbo yake ndani kwa mikono, akiimba bado. Wengine wakalala, wakatambaa. Dany hakuinama. Alikuwa na shati lako la maua, alikwenda wima, kwa mwendo wa mtu anayevuka ua. Risasi ya kwanza ilimvunja mkono. Akautazama mkono. Kisha akageuka akanitazama mimi, Adolphine, muda mrefu kuliko inavyowezekana mahali pale. Sijui aliona nini. Akageuka tena mbele, akaendelea, ndipo nyingine ikamwingia kifuani, na nyingine usoni. Walirudi tisa.

Nilidhani yamekwisha, kwamba sasa maji yamejulikana. La. Raphaël alisema maji hayana kosa. Alisema walikufa kwa sababu kuna waliovunja sharti na kutazama nyuma. Akawauliza wale tisa nani alitazama nyuma. Watatu walikuwa na majeraha ya ubavuni, akasema hao. Aliwapiga risasi mbele ya meza yangu, wa mwisho akiwa ameshika kitambaa. Kisha akanigeukia, “Mwalimu, si ni ile sharti?” Nikaitika kwa kichwa.

Tarehe ishirini na nane Machi wanaoshwa wengine sitini. Wengi wametoka Kazimia.

Shati sikuweza kulichukua. Sindano zimebaki sita na vipande vinne. Sijui nikuombe nini.

Fabien


Kazimia, 14 Machi 1999

Fabien,

Sitakuita Baba Ketsia katika barua hii.

Barua yako ilinikuta ninajua tayari. Mwenzake mmoja wa wale tisa alipita hapa na vidonda vyake. Na kabla yake, Dany mwenyewe alikuwa amenitumia barua, iliyoandikwa siku moja kabla ya daraja. Mama Georgette aliishika majuma matatu, hakuthubutu kunipa. Naikopi hapa yote, kwa mwandiko wangu, kwa kuwa ya kwake siitoi mkononi.

“Yaya Adolphine, dada yangu, mi iko muzima. Kesho tunashuka. Shati imefika, banarafiki banacheka maua, lakini mi naivaa. Yaya, nikuambie siri. Daktari ya huku ni shemeki Fabien. Usikasirike naye. Mi najua sumaku iko chini ya meza, niliona mnyororo inapita nyuma ya kitambaa. Pale école, kwa masomo, mwaka ya tatu, ni mi niliyemushikiaga ile sumaku. Na najua zile ni sindano zako, bamasista balikupa. Benzangu habajue, mi najua. Ila nimefikiri hivi. Mwaka ile ya tatu nilikopi jibu katika kitabu, ikakuwa jibu ya kweli, na shemeki akanipa zéro. Aliniambia, Dany, usiandike kitu hujaona na macho yako. Nililia siku mbili. Muntu ya namna ile hawezi kuosha bantu na uongo. Kwa hiyo sumaku ni ya kuonyesha bale bagumu ya kusadiki, lakini mayi yenyewe iko ya kweli. Kama ingekuwa uongo, mi shemeki yake, mutoto ya nyumba yake, angeniambia. Nimekaa siku nyingi hapa, nimemupa nafasi. Nimepita kwa mulango yake kila asubuhi. Hakuniambia kitu. Basi ni kweli. Kesho sitainama. Munisalimie Ketsia. Dany.”

Umeona. Hakusahau somo. Wale wengine waliamini beseni, wakainama risasi zilipolia. Dany hakuamini beseni hata kidogo. Aliamini wewe. Alipovunjwa mkono akageuka, hakugeuka kuogopa. Alikupa nafasi ya mwisho ya kumwambia. Nawe ulikuwa umeshika bidoni.

Nimemlilia Dany siku saba, na katika siku saba hizo nimekuua mara nyingi, kwa panga, kwa maji ya moto, kwa mikono. Nimechoka kukuua. Sasa sikia.

Kwangu hakuna msamaha unaoweza kutumwa chini ya ndagala. Hao sitini wana mama zao, baadhi yao nachota nao maji kila asubuhi. Tarehe ishirini na nane wakishapanga mstari, utavuta kile kitambaa chekundu. Utainua meza. Utawaonyesha sumaku na mnyororo, na utasema kwa mdomo wako, kwa sauti ile ya darasani: ni sumaku, ni sindano za mke wangu, maji ni maji, rudini kwenu. Najua watakachokufanya. Nimeona wanachofanya. Naandika nikijua.

Baada ya hapo Mama Georgette atapanda Lulimba na kurudi. Akirudi na barua yako, hata iwe na maneno matamu namna gani, nitaitia motoni bila kuifungua, na Ketsia nitamwambia kwamba baba yake alikufa vibaya zamani, Baraka. Akirudi mikono mitupu nitajua umesema. Nitavaa kaniki, nitakulilia kama mume wangu, na nitamwambia mtoto ukweli wote, pamoja na zéro ya Dany.

Miezi yote hii nimengoja barua zako. Hii moja usiiandike.

Adolphine


Kazimia, 2 Mei 1999

Baba Ketsia,

Mama Georgette amerudi leo. Nilimwona tangu mbali nikashindwa kumfuata, nikabaki nimeshika mlango. Alisema, “Mama Ketsia, sikupata barua.” Nikamwomba atazame tena. Akamwaga kapu lote mbele yangu, ndagala, chumvi, vitambaa, akakung’uta na upande wa chini. Hakukuwa na barua.

Kisha akakaa, akanieleza aliyosimuliwa huko. Alisema ulisimama juu ya kiti, ukaongea kama mtu aliye darasani, ukamwita kijana wa kwanza aje azungushe pedali mwenyewe. Na alizungusha. Na wa pili. Raphaël alichelewa kupita katikati yao, walikuwa wamesongamana kutazama chini ya meza. Alichokufanya baadaye Georgette alikisema polepole, mikono, ulimi, kisha mengine, na nilimtaka aseme yote, nisije nikabuni mabaya zaidi. Alisema ulimi ulikwenda baadaye sana, ulikuwa umeshamaliza kusema.

Wanne kati ya wale sitini wamerudi naye Kazimia, kwa mama zao. Mmoja wao alikuja baada yake na kiberiti, akakiacha kizingitini, akaondoka bila salamu. Ndani mlikuwa na sindano zangu sita, zimeshika kutu kidogo, na bado zina harufu ya mawese.

Nimezisugua kwa mchanga. Nimetia uzi katika moja, na tangu mchana nashona kaniki yangu. Ketsia amekaa hapa kando ameniuliza zimetoka wapi, nami nimeanza kumwambia.

Mke wako,
Adolphine